Divai Isiyopikwa

Kila Ijumaa, kabla jua halijatua, Jemima alitandika kitambaa cheupe juu ya meza ya Gershon Adelman katika mtaa wa Moseley. Aliweka vinara viwili vya mishumaa upande wa dirishani, akawasha bamba la umeme la kupashia chakula, kwa sababu Sabato ikishaingia hapakuwa na mtu wa kuwasha wala kuzima kitu, kisha akazibua chupa mbili za divai na kuziacha zipumue kando ya mkate. Gershon alikaa kwenye kiti chake akisoma maandishi ya chupa kwa kioo cha kukuzia. Alikuwa fundi wa miwani maisha yake yote, na sasa macho yake mwenyewe yalikuwa yamechoka.

"Hii imepikwa, Mzee?" Jemima aliuliza kila mara, ingawa alijua jibu.

"Imepikwa. Mimina bila hofu."

Sheria hiyo Gershon alimweleza siku ya kwanza, polepole, kama mtu anayejaribisha lenzi. Divai ya kosher, yaani iliyo halali kwa Wayahudi, hutengenezwa na wao wenyewe kwa masharti yao, na chupa ikishafunguliwa, asiye Myahudi akiimimina, wao hawainywi tena. Ni sheria ya kale, ya zama ambazo watu walimwagia miungu yao divai. Lakini ile iliyopashwa moto wakati wa kutengenezwa, ambayo wenyewe huiita iliyopikwa, haina sharti hilo; mtu yeyote anaweza kuishika. Wajuzi huidharau kidogo. Husema moto huondoa kitu fulani. Gershon alinunua hiyo tu, akasema mtu anayemtandikia meza hatasimama kando kama mlinzi wa benki huku wengine wakimiminiana. Jemima hakuiona ajabu sheria hiyo. Kwao Bungoma pia vilikuwapo vyungu ambavyo havikushikwa na kila mtu.

Wageni walikuwa watatu. Hyam, mwalimu mstaafu wa kemia, na mkewe Leonie, aliyekuwa wakili wa kesi za wafanyakazi, walikuja kwa miguu. Wa tatu alikuwa Mark, Mkenya kutoka Voi, meneja wa nyumba ya wazee kule Edgbaston. Yeye alikuja kwa gari na kuliegesha mtaa wa pili, ili injini isisikike mlangoni siku ya Sabato. Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo.

Katika nyumba hiyo ya wazee ndimo Miriam, mke wa Gershon, alimomalizia mwaka wake wa mwisho. Jemima, aliyekuwa mhudumu humo, alikuwa akimsuka nywele. Mark, siku ambazo wafanyakazi hawakutosha, alivua saa, akakunja mikono ya shati na kumwosha mwenyewe. Miriam alipokufa, Gershon aliwaalika wote wawili, akaendelea kuwaalika. Alisema mtu aliyemwosha mkeo ni jamaa yako, upende usipende.

Ni Mark pia aliyemleta Jemima Uingereza. Alimhoji kwa simu ya video, akampokea uwanja wa ndege akiwa na koti mkononi, na Jemima bado alilivaa koti hilo. Nyumba ya wazee ndiyo iliyokuwa mdhamini wa viza yake. Ikimwachisha kazi, angekuwa na siku sitini za kupata mdhamini mwingine au kurudi alikotoka.

Mwezi wa pili ulipoanza, alikufa mzee mmoja katika nyumba hiyo, Bwana Pinnock, aliyekuwa dereva wa basi la Soho Road tangu ujana wake. Alikuwa na pipi za mnanaa mfukoni na koti la sufu la kazini ambalo hakulivua hata kitandani. Alipenda kubonyeza kengele. Alibonyeza akitaka maji, akitaka kujua saa, akitaka mtu amwambie kama mvua inanyesha. Usiku mmoja alianguka kando ya kitanda, akabonyeza, na kengele haikulia, kwa kuwa waya wake ulikuwa umechomolewa ukutani. Walimkuta asubuhi.

Wenye nyumba walitaka kujua nani aliuchomoa. Mark alisema ni Jemima, aliyekuwa zamu. Jemima alisema ni Mark, aliyeuchomoa mchana ule na kumwambia asiurudishe. Chumbani hapakuwa na mtu wa tatu zaidi ya Bwana Pinnock. Kikao cha kuamua kilipangwa Jumatatu ya mwisho ya mwezi.

Hata hivyo Ijumaa wote wawili walikwenda Moseley, maana Gershon aliwatarajia, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kueleza kwa nini hakufika.

Usiku huo Gershon alisoma baraka juu ya kikombe cha fedha, wakanawa, wakamega mkate. Kisha Jemima akapita nyuma ya viti akimimina divai nyekundu kutoka Galilaya. Desturi yao ilikuwa kuonja na kusema. Kuandika ni kazi, na Sabato haina kazi, kwa hiyo kila mmoja alitaja anachokipata ulimini na wengine wakajitahidi kukumbuka hadi Jumamosi jioni.

Hyam alizungusha glasi, akanusa, akanywa, akafumba macho.

"Cheri," alisema. "Ngozi ya kiatu kipya. Halafu dawa ya kupigia deki."

"Yenye limau," Leonie alisema. "Na aliyepiga deki hakubadilisha maji."

"Mimi napata mnanaa," alisema Gershon.

"Mnanaa upo," Leonie alisema. "Na sufu iliyolowa. Koti la mtu wa mabasi."

"La mtu wa mabasi hasa?" Hyam aliuliza.

"Baba yangu aliendesha basi mji huu huu. Lile koti lilikuwa likikauka jikoni kwetu kila jioni."

"Mnaona?" Hyam aliwaambia wengine. "Na pua hiyo ndiyo ninayolala nayo chumba kimoja. Sijawahi kuficha hata sigara."

Wakacheka. Wakaonja tena, wakakubaliana kwamba ladha ya ukumbi mrefu wenye taa hafifu inakuja mwishoni, baada ya cheri, na inakaa. Hyam aliona labda ni pipa. Mark alikunywa kidogo tu, akasema anaendesha gari, akaiweka glasi nyuma ya chombo cha chumvi.

Jemima alipokwenda jikoni kuleta supu, Mark alimfuata na sahani. Mezani walizungumza Kiingereza kama wengine. Jikoni walirudi kwenye Kiswahili.

"Umetia nini kwenye ile divai?"

"Sijatia kitu, Kaka Mark. Nimemimina tu."

"Jemima, dadangu. Mimi na wewe hatuna vita. Mambo ya kazini tuyaache kazini."

"Niliyaacha. Yamenifuata."

Mark alipanga sahani moja juu ya nyingine, taratibu, zisilie. "Wakikuuliza Jumatatu ile, sema ulisahau kurudisha waya. Kusahau si dhambi. Watakupa onyo, yaishe."

"Kwani waya niliuchomoa mimi?"

Mark aliangalia sufuria. "Supu itapoa," alisema, akabeba sahani zake kurudi mezani.

Ijumaa ya pili divai ilikuwa nyeupe. Jemima alimimina kwa uangalifu kuliko kawaida, akiishika chupa chini kabisa. Haikusaidia kitu. Leonie alisema kuna peasi, kuna ua fulani jeupe, na kuna kitufe cha plastiki kinachobonyezwa.

"Kitufe kina ladha?" Gershon aliuliza.

"Hiki kinayo. Kinabonyezwa na hakilii."

Gershon alionja, akakubali. Hyam alikunywa mara mbili, akainuka kwenda kuleta glasi safi. Alikuwa mtu wa majaribio. Alimwomba Gershon amimine kutoka chupa ileile katika glasi tatu, na Jemima amimine katika glasi tatu nyingine. Walionja za Gershon: peasi na ua jeupe, basi. Walionja za Jemima: peasi, ua jeupe, kitufe, zulia chini ya shavu la mtu, na pipi ya mnanaa iliyobingirika hadi chini ya kabati.

"Basi si pipa," Hyam alisema, kwa sauti ileile aliyotumia miaka yote kuwaambia wanafunzi kwamba maji yamechemka. "Ni mkono."

"Inaelekea," alisema Gershon.

"Umebaki mkono mmoja ambao haujajaribiwa," Leonie alisema, akamtazama Mark.

Mark alicheka. "Mimi ni mtu wa bia, Mama Leonie."

"Bia tutaihoji siku nyingine."

"Kifundo cha mkono kinaniuma tangu juzi. Nilimwinua mzee mmoja vibaya."

"Mimina kwa mkono wa pili," Hyam alisema kwa upole. "Sayansi haichagui."

Hapakuwa na namna ya kukataa bila kukataa kwa sauti. Mark alichukua kitambaa cha kufutia midomo, akaizungushia chupa, akamimina bila mkono wake kugusa kioo. Jemima alisimama mlangoni na sahani ya samaki.

Leonie alikunywa wa kwanza. Aliiacha ikae ulimini kwa muda, kisha akameza.

"Vumbi la nyuma ya kitanda," alisema. "Soketi. Kidole gumba kinasukuma kitu, kitu kinatoka."

"Mwisho wake ni mrefu," Hyam alisema. "Kuna sentensi ndani yake."

"Inasemaje?"

"Kitu kama: mwache tu, atachoka."

Gershon naye alikuwa amekwisha kumeza. Aliiweka glasi juu ya kitambaa kwa vidole viwili. Wote watatu walimtazama Mark, kisha wakatazama mishumaa, ambayo ilikuwa imebaki nusu. Mark hakubadilika uso.

"Siku ya Sabato hatuzungumzi mambo ya kazi," Gershon alisema hatimaye.

"Ni kweli, Mzee," alisema Mark.

Hyam alisema mwaka ule zabibu nyeupe zilistawi sana. Jemima akaweka samaki mezani, na kila mtu akaomba apitishiwe ndimu.

Wakati wa kuondoka, Leonie alibaki nyuma kibarazani akitafuta glavu zake mfukoni. Jemima alitoka akasimama karibu naye.

"Mama Leonie, umejua alichofanya."

"Nimeonja alichofanya. Ni vitu viwili tofauti."

"Wewe ulikuwa wakili."

"Ndiyo maana nakuambia. Nitaingia kwenye kikao niseme nini? Kwamba ushahidi nilikuwa nao, tukaumaliza pamoja na samaki?" Alimshika Jemima mikono yote miwili. Hakuwa mtu wa kudanganya. "Naweza kuja kukaa kando yako."

"Na useme?"

"Nikae."

Jemima alirudi ndani. Gershon alikuwa bado mezani, akikusanya makombo ya mkate kwa kiganja. Jemima alimwuliza kama angekubali kuja Jumatatu ile awaambie wenye nyumba yale aliyoyapata ulimini. Gershon alikusanya makombo yote kabla ya kujibu.

"Mimi hufikiri polepole," alisema. "Nipe hadi Ijumaa."

Kesho yake Jemima alimweleza Dative, waliyepanga naye vyumba katika nyumba moja Handsworth. Dative alitoka Bukavu, alikuwa msusi, na Jumamosi hiyo alikuwa akipika sombe, yaani kisamvu, aliyoinunua imeganda barafu katika duka la Soho Road. Alimsikiliza hadi mwisho bila kuacha kukoroga.

"Lete mukono nione," alisema.

Jemima alimnyooshea. Dative aliugeuza, akaunusa, akaurudisha.

"Unanuka tu kitunguu. Nipatie chai, nijaribu."

Jemima alimmiminia chai. Dative alikunywa, akalamba midomo.

"Ni chai. Sukari umesahau. Basi ni ku divai tu, na divai ile ilipikwa. Sawa. Sasa bale bantu banangojea nini?"

"Sijui kama wameniamini, dada."

"Kukuamini?" Dative aliweka mwiko chini. "Banakuamini! Njo mubaya yenyewe. Kama hawakuamini, ungebashawishi. Muntu mwenye anakuamini na ananyamaza, huyo utamuambia nini?"

Jemima alimtilia sukari katika chai.

"Na huyu Mark wenu, anasali?"

"Ni mzee wa kanisa."

"Mm," alisema Dative, akarudi kwenye sombe yake.

Wiki hiyo kazini Mark alikuwa mwema kwa Jemima. Alimbadilishia zamu ngumu, akamwachia kipande cha keki katika chumba cha chai siku mfanyakazi mmoja alipofikisha umri wa miaka sitini. Walipokutana kwenye ukumbi mrefu alimpisha. Mlango wa chumba cha Bwana Pinnock ulikuwa wazi na godoro limesimamishwa ukutani. Waya wa kengele ulikuwa umerudishwa mahali pake, na mtu alikuwa ameukaza kwa skrubu mpya mbili.

Ijumaa ya tatu Jemima alifika mapema. Tangu kwenye basi alikuwa akifikiria namna Gershon atakavyosema atakuja, na kama atahitaji kusindikizwa hadi kwenye gari. Alikuta meza imekwisha kutandikwa. Kitambaa kilikuwa kimewekwa upande wa pili juu, mshono nje, kwa kuwa Gershon hakuona vizuri. Chupa mbili zilikuwa wazi.

"Nimezifungua mwenyewe," Gershon alisema. "Leo wewe hutamimina. Umechoka, naona. Leo utakaa ule kama mgeni."

Jemima alizitazama. Zilikuwa chupa nzito, zenye vumbi mabegani.

"Hizi zimepikwa, Mzee?"

"Hazijapikwa. Zinatoka milima ya Yudea. Miriam alinipa nilipofunga duka la miwani, nikaziweka."

Jemima aliligeuza jibu hilo kichwani hadi akaliona lote. Gershon alikuwa akihangaika na ncha ya kitambaa.

"Alimwosha Miriam wangu," alisema. "Na wewe ulimsuka nywele. Nimeweka huku, nimeweka huku, wiki nzima. Mimi siwezi kupima watu hao wawili, Jemima. Naomba tule kwa amani tu."

Jemima alikinyoosha kitambaa, akakigeuza upande wake sahihi, akapanga upya sahani na glasi. Chupa hakuzigusa. Gershon alizishika kifuani, moja kila mkono, hadi alipomaliza.

Wageni waliingia na baridi. Gershon alisoma baraka, wakanawa, wakala mkate. Kisha Gershon mwenyewe akazunguka meza akimimina, taratibu, akisikiliza sauti ya divai ili ajue glasi imefika wapi.

"Plamu," Hyam alisema, macho yamefumba.

"Forosadi," alisema Leonie.

"Jiwe baada ya mvua," alisema Gershon.

"Na baada ya hapo?"

Walisubiri. Hyam alimeza mate, akasubiri tena.

"Baada ya hapo plamu tena," alisema, na mabega yake yakashuka. "Marafiki, hatimaye hii ni divai."

Meza nzima ilichangamka. Hyam alisimulia jinsi alivyowahi kuunguza nyusi mbele ya mkaguzi wa shule. Leonie alisema hadithi hiyo kila mwaka inapata mkaguzi wa cheo kikubwa zaidi, mwakani atakuwa waziri. Mark alicheka mpaka akafuta machozi, na alikunywa glasi yake yote, bila kusema habari za gari. Jemima naye alikunywa. Ilikuwa divai nzuri kuliko zote alizowahi kuonja. Aliitafuta ndani yake pipi ya mnanaa, akatafuta koti, akatafuta zulia. Bwana Pinnock hakuwamo.

Glasi ya Mark ilikuwa tupu. Gershon alikuwa ameanza kupapasa mezani kutafuta chupa ya kumwongeza, lakini ilikuwa karibu zaidi na Jemima. Jemima aliinuka, akaishika kwa mkono wa kulia, akammiminia Mark hadi katikati, kisha akaiweka chini.

Mishumaa ilisikika ikiungua.

"Amesahau," Hyam aliwaambia wengine, kwa huruma. "Hutokea. Nasi tumemzoesha ile nyingine."

"Sikusahau," Jemima alisema.

"Si kitu, si kitu," alisema Hyam, akiitazama chupa kwa majonzi kidogo.

Leonie alikuwa akiitazama sahani yake. Gershon aliisukuma chupa ile taratibu hadi upande wa Mark na Jemima, akaivuta ya pili karibu yake.

"Basi hiyo ni yenu ninyi wawili," alisema. "Sisi tunayo hii. Inatosha kila mtu."

Wote walimgeukia Mark, kwa sababu divai ilikuwa mbele yake na desturi ni kuonja na kusema. Safari hii ladha ilikuwa yake peke yake. Wengine wasingeweza kuijua hata wangetaka. Mark aliizungusha glasi. Akanusa. Alimtazama Jemima, na kwa muda mfupi uso wake ulikuwa kama siku ile uwanja wa ndege, wa mtu anayetafuta sura moja katika umati. Kisha akanywa, bila kupumzika, hadi chini.

Kitu kilipita kutoka shavu moja hadi la pili, kama anayefyonza pipi. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya kitambaa, na kidole gumba kilianza kubonyeza. Kilibonyeza, kikaachia, kikabonyeza tena. Hapakuwa na sauti. Leonie alikihesabu kwa macho hadi akaacha. Gershon hakuona, au aliona vizuri. Kidole kiliendelea, kikibonyeza palepale, mpaka kitambaa kikafanya shimo dogo la kivuli, halafu kikatulia.

"Unapata nini?" Hyam alimwuliza kwa adabu.

Mark alifuta mdomo.

"Zabibu tu," alisema. "Na mwaloni kidogo."

"Mwaloni, ndiyo," Hyam alikubali. "Nilitaka kusema mwaloni."

Gershon aliomba apitishiwe chumvi. Mark akanyoosha glasi yake kwa Jemima ili aongezwe, na alipokuwa akimiminiwa aliinamisha kichwa na kumwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, wengine wasijione wametengwa:

"Jumatatu nitakupitia kwa gari. Wametangaza barafu. Usihangaike na basi."

"Asante, Kaka Mark."

Hiyo nayo aliinywa yote. Kabla kuku hajaondolewa mezani, wawili hao walikuwa wameimaliza chupa, na Mark alikuwa ameongeza kwamba divai hiyo inazoeleka haraka.

Jumatatu alimpitia Handsworth kama alivyoahidi. Kulikuwa na barafu kweli. Alikuwa ameshuka na kukwangua kioo cha upande wa Jemima hadi kikawa safi, akawasha kiti kipate joto. Njiani walizungumza juu ya kwaya. Kwenye kikao kila mmoja alisema alichokuwa amekisema tangu mwanzo. Leonie alikuja, akakaa kando ya Jemima, mkoba magotini, akawasalimu wenye nyumba na baadaye akawaaga. Uamuzi haukuchukua muda, na hesabu ya siku sitini za Jemima ilianza siku hiyohiyo. Mark alikwenda kuleta gari hadi mlangoni, akashuka, akamfungulia Jemima mlango, akasubiri akae vizuri na kufunga mkanda. Kiti kilikuwa bado na joto.